Gego lililolala, na beseni la mama

Ufizi ulipovimba mara ya tatu sikwenda tena duka la dawa. Mara mbili za kwanza nilimeza vidonge vya siku tano, uvimbe ukanywea, nikajisahau. Safari hii mdomo uligoma kufunguka, kidole kimoja tu ndicho kilichopenya.

Daktari wa meno akataka picha ya mataya yote: unasimama, unauma kijiti, mashine inakuzunguka kichwa. Gego la mwisho la chini, kushoto, lilikuwa limelala ubavu, limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Ufizi umelifunika nusu, chakula kinaingia humo hakitoki. Chini ya mizizi ulipita mshipa wa fahamu, kwa hiyo akanitahadharisha kwamba mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa muda. Nikasaini. Hakunigusa siku hiyo, maana penye usaha ganzi haishiki vizuri.

Wiki iliyofuata sindano ndiyo iliyouma. Baada ya hapo ni kusukumwa na makelele tu: akachana ufizi, akachonga mfupa kidogo, akalipasua jino. Lilipopasuka nilisikia "kwa!" ndani ya sikio. Vipande viwili, nyuzi tatu, shashi ya kuuma nusu saa.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Sharti: usiteme. Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha jeraha. Ukitema, ukinyonya kwa mrija au ukivuta sigara, inang'oka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake wanasema hulinganishi na ya jino. Na mimi mate yenye damu siyawezi. Mama naye kasimama pembeni: "Tema mwanangu, utameza damu!"

Tulipatana kwa beseni. Naliinamia, naachama kiasi ninachoweza, udenda unadondoka wenyewe. Mtu mzima na ndevu zangu, na kipande cha kanga kidevuni. Barafu nikaizungushia kanga hiyohiyo, nikaiweka shavuni kwa vipindi siku ya kwanza. Usiku nililalia mito miwili. Uji uliopoa, kesho yake mtori, kwa kijiko, upande wa kulia.

Maji ya chumvi nilianza siku ya pili, vuguvugu, bila kusukutua kwa nguvu: nainamisha kichwa huku na huku, kisha beseni. Siku ya tatu shavu lilijaa kuliko jana yake, nikapiga simu kwa woga. Daktari akauliza kama nina homa au harufu mbaya mdomoni. Sina. "Basi ndiyo kilele chake, kaka. Kesho litaanza kushuka." Likashuka kweli.

Nyuzi zilitolewa siku ya saba. Shimo bado lipo, punje ya wali inalipenda sana. Naitoa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikipuliza maji polepole. La kulia nalo limelala, ila halijasumbua, tumekubaliana tuliangalie tu. Mama beseni lake amelirudisha jikoni.