Murphy bila popo

Wiki hii nzima masikioni ni Dust tu, ile albamu ya Peter Murphy ya 2002, hadi bongo fleva nimezipumzisha. Kwa wasiomjua, huyu ndo alikuwa sauti ya Bauhaus, bendi ya Northampton kule Uingereza iliyotoa Bela Lugosi's Dead mwaka 1979, dakika tisa na ushee za kumwimba marehemu Lugosi, mwigizaji wa Dracula, yule mnyonya damu anayegeuka popo, na wengi rock ya gothic, ile ya giza na makaburi, wanaihesabu kuanzia hapo. Bendi ikavunjika 1983, wenzake watatu wakaja kuunda Love and Rockets na 1989 So Alive yao ikafika namba 3 Marekani, sasa hebu fikiria, we ndo ulikuwa umeshika maiki halafu waliokuwa nyuma yako wanakutangulia kwenye chati!

Yeye albamu yake ya kwanza, 1986, ilipita kimyakimya. Baadaye ikaja albamu ya Deep, na wimbo wake Cuts You Up ukakaa wiki 7 kileleni kwenye chati ya modern rock ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1990. Kwao Uingereza wala hawakushtuka, waliombeba ni Wamarekani. Na Deep ni kali, sibishi.

Mwingine angetulia hapo atoe Cuts You Up namba mbili na namba tatu, hela iingie. Murphy akahamia Uturuki kwa kina mkewe, akasilimu, akazama kwenye usufi, na baadaye ndo akaingia studio na Mercan Dede, yule Mturuki anayechanganya nai, filimbi ya mwanzi, na muziki wa mashine. Dust imetoka hapo. Nyimbo ndefu, hazina haraka na mtu, mdundo unajirudiarudia kama dhikri, na ile sauti nene ya makaburini unaisikia inaomba badala ya kutisha (usiku ukiwa na hedifoni ndo utanielewa). Mle karudia hadi wimbo wake wa zamani, My Last Two Weeks ya 1988, na kwangu hii mpya imeiacha ya zamani mbali.

Ila hit haikutoa. Watu wanamtaka popo wao, na 2018 akawa anazunguka tena na David J, mmoja wa wale wenzake watatu, wakipiga nyimbo za Bauhaus. Simlaumu, kodi hailipwi kwa usufi. Ila mi kiingilio changu ningetoa aipige Dust mwanzo mwisho, na huyo Lugosi wamwache alale.