Jumamosi ya mwalimu wa kwaya ya watoto

Saa 12 asubuhi niko kwenye cherehani, maana kwaya hailipi kodi ya nyumba. Zipu mbili, pindo la gauni, basi.

Saa 3 mazoezi, barazani kwa ofisi ya serikali ya mtaa, Mbagala, Dar es Salaam. Tulianza na watoto 7 wa akina mama wauza mboga. Walikuwa wakiwasubiri mama zao huku wakipiga kelele, nikaona heri kelele hizo ziwe na sauti mbili. Leo wako 43, Waislamu kwa Wakristo, ndiyo maana tunaimba nyimbo za asili. Umeme umekatika, kinanda kimya. Hatuhangaiki: nawapa do, noti ya kwanza ya ngazi ya muziki, kwa mdomo, wanafuata ishara za mikono alizozieneza Mwingereza John Curwen karne ya 19. Ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, noti ya tatu. Wapita njia hudhani tunacheza. Kijana wangu wa sauti ya kwanza, ile ya juu, anabalehe, anakwaruza; nimemshusha ya pili, amenuna.

Saa 10 jioni tuko ukumbini, watoto 24 kwenye Coaster ya kukodi, kama alivyotuagiza katibu wa kamati ya harusi. Maharusi bado wanapiga picha ufukweni. Saa 11 bado. Saa 12 bado. Naomba chakula, katibu ananiambia chakula ni cha wenye kadi. “Mwalimu, hawa si wanaimba tu? Wape maji.” Nanunua mihogo ya kukaanga kwa hela yangu. Mmoja analala mapajani kwangu, mwingine anataka choo, wawili wanagombea tai, dereva anadai hela ya kusubiri, mama anapiga tena: “Mwanangu yuko wapi mpaka saa hizi?” Mshereheshaji anasema baada ya keki. Keki inakatwa, anasema baada ya zawadi.

Tulipanda jukwaani sijui saa ngapi. Macho yamejaa usingizi, lakini sauti ya pili iliingia palepale, hata yule aliyenuna. Baada ya nyimbo mbili DJ akatukata, na katibu akakata malipo: “Tulipatana nyimbo tatu.” Nikabishana naye mlangoni kwa sauti ya chini, watoto wasisikie, mpaka shangazi wa bibi harusi akaongezea kutoka mkobani mwake.

Kisha mlango kwa mlango, kurudisha watoto. Nililala na viatu.

Asubuhi katibu yuleyule amepiga, mwanawe ana kipaimara. Nimemtajia bei mpya, yote kabla, na sahani 24 za wali kabla ya wimbo wa kwanza.