Mstari Mwekundu Katika Daftari la Mahudhurio

Katika ofisi niliyoanzia kazi, daftari la mahudhurio lilikaa mezani kwa katibu muhtasi hadi saa 1:30 asubuhi, ndipo msimamizi alipochukua rula na kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Aliyesaini chini ya mstari alijieleza kwa maandishi. Mahudhurio yalikuwa mazuri ajabu, ila wengi wetu tukishasaini tulishuka kunywa chai hadi saa nne, huku majalada ya wastaafu yakisubiri juu ya meza.

Msimamizi huyo aliamini kwa dhati kwamba mtu hafanyi kazi asiposukumwa. Mwaka 1960, Douglas McGregor, msomi wa menejimenti wa Marekani, aliiita imani hiyo Nadharia X, akaitofautisha na Nadharia Y, inayoshikilia kwamba binadamu hujituma mwenyewe akiona lengo la kazi ni lake pia. Ubaya wa imani ya kwanza ni kwamba hujithibitisha: ukimlinda mtu kama mwizi wa muda, atakupa kile tu unachoweza kukilinda.

Aliyenifungua macho zaidi ni Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, wakiwataka wakumbuke nyakati walizofurahia sana kazi na nyakati walizoichukia. Manung'uniko yalihusu zaidi taratibu za kampuni, usimamizi na mshahara. Furaha ilitokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. Kwa hiyo kuondoa kero hakutoshi kumpa mtu ari.

Nasikitika kwamba wakubwa wengi huishika nusu ya pili ya hoja hiyo wakaiacha ya kwanza. Mlinzi ambaye hajalipwa kwa miezi miwili hupewa cheti cha mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi, apigiwe makofi, kisha akope nauli ya kurudi nyumbani. Huko si kumtambua, ni kumdhihaki. Wala si kweli kwamba wafanyakazi wetu hudai fedha peke yake: Mwongozo wa mwaka 1971, waraka wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho walipogoma kupinga namna mameneja walivyowatendea.

Pale kwetu, mkuu mpya wa idara alipofika, alianza kwa kufuatilia malimbikizo yetu hadi yakalipwa. Baada ya hapo alibadili mgawanyo wa kazi. Awali mmoja alipokea barua, mwingine akahakiki, wa tatu akaandika hundi, na hakuna aliyemjua mstaafu mwenyewe. Sasa kila mmoja wetu alikabidhiwa majalada yake tangu barua ya kwanza hadi malipo, na jina lake likaandikwa kwenye jalada.

Jalada langu la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu, ambaye tarehe yake ya ajira ilitofautiana katika karatasi mbili. Alikuja amefunga barua zake ndani ya mfuko wa nailoni, tukazipanga pamoja mezani moja baada ya nyingine, hadi tukaipata ile ya uteuzi, imekunjwa mara nne na wino wake umefifia. Nilipotazama saa, ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na wenzangu wawili nao walikuwa bado wameinamia majalada yao.