Wa Nne kwenye Orodha

Jumamosi iliyopita binti yangu aliikuta ile Nokia E63 kwenye droo ya nyaya, na chaja yake ya pini nyembamba ilikuwa humo humo. Tuliiacha kwenye umeme karibu saa nzima ndipo kioo kikawaka. Yeye alikuwa anatafuta mchezo wa nyoka. Akaangukia sehemu ya maandishi, akaanza kusoma kwa sauti: alama ya reli, FF, kisha majina mfululizo, yamefuatana kama shanga.

"Baba, FF ni nini?"

Nikamjibu juu juu. Ni Follow Friday: kila Ijumaa, sisi tuliokuwa Twitter tulitajiana watu wa kufolo. Mmarekani mmoja, Micah Baldwin, ndiye aliyeanzisha Januari 2009, akiwahimiza rafiki zake wataje watu wanaostahili kufuatwa, na ikasambaa mpaka ikatufikia Dar es Salaam. Akauliza kama na mimi nilikuwa nikitaja. Nikasema ndiyo, nikamwomba simu. Jina la nne kwenye orodha aliyokuwa anaisoma ni lile.

Orodha hizo niliziandika Alhamisi usiku kabla ya kuwasha intaneti, kwa sababu bando lilikuwa la kuhesabu. Twitter ya wakati ule ilikupa herufi 140 tu. Jina la akaunti linaweza kufika herufi 15. Weka alama ya @ mbele na nafasi nyuma, watu wanane wamekwisha kujaza ujumbe. Ukichagua wenye majina mafupi unawabana tisa, hata kumi. Nafasi ya kueleza kwa nini umemtaja mtu haikuwepo, na kweli ni kwamba sikuitafuta. Nilitaja walionitaja. Sahani ya futari ikija kutoka kwa jirani hairudi tupu, na mimi niliona ni adabu ile ile.

Huyo wa nne alikuwa akiweka picha za Muscat: bahari ya Mutrah asubuhi, misikiti, barabara safi. Alijibu kila mtu. Ukisema mtoto ana homa, baada ya siku mbili anauliza mtoto anaendeleaje. Na kila Ijumaa alinitaja bila kukosa. Sikuwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Ilikuwa Juni 2012, Jumapili, kama saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwa mama Tandika. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Mwanga ulikuwa unaondoka na alikuwa ameinama sana, uso karibu uguse mchele. Mama yuko uani kwenye mbuzi, anakuna nazi, ile sauti ya kukwaruza inakwenda na kurudi. Akaniamkia, nikaitika, nikavuta kigoda.

"Kaka," akasema bila kuinua kichwa, "yule wa Muscat unamfahamu?"

"Yupi?"

Akataja jina la akaunti.

"Tunafahamiana Twitter."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakirusha uani. Akatoa kingine. "Umewahi kuongea naye?"

"Kwa simu? Hapana."

Mbuzi ikanyamaza.

Akaweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike, akajifuta vidole kwenye khanga, akanipa simu yake. Meseji mbili za kutuma pesa. Ya kwanza 200,000, ya viza. Ya pili 180,000, ya vipimo vya afya. Kazi ilikuwa ya kuhudumia wazee huko Oman, mshahara umetajwa, chumba cha kulala kimetajwa, hadi siku ya mapumziko imetajwa. Hela ilikuwa ya mchezo, zamu yake aliyoingoja tangu Novemba. Namba ya yule mtu ilikuwa haipatikani kwa siku tisa. Siku zote hizo alikuwa anapiga peke yake, hajamwambia mtu.

Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo natamani lisingenitoka. "Mbona hukuniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini tena, kaka, na ulishamtaja?"

Akaichukua simu, akatafuta, akanirudishia. Ulikuwa ujumbe wangu wa Ijumaa moja ya Aprili, watu tisa. Akaweka kidole juu ya kioo, kucha ina vumbi la mchele. "Ulimweka katikati ya yule daktari wa watoto na yule mwandishi wa habari. Nikaona ni watu wa aina moja."

Hakuwa na hasira. Angefoka ningepata la kujitetea nalo. Alikuwa ananielekeza tu njia aliyopita, kama mtu aliyepotea anavyokueleza kibao gani kilimpoteza. Nikaitazama ile orodha kwa macho yake. Yule daktari nilikuwa nimemsoma miaka miwili, nilijua anapokuwa na hakika na anapokuwa hana. Yule mwandishi nilikuwa nimeona akikosea mara moja na kujisahihisha hadharani saa hiyo hiyo. Hawa ningeweza kuwasimamia mbele ya mtu yeyote. Huyu wa nne sikuwa na neno hata moja la kusema juu yake ila kwamba ni mwema kwangu. Lakini aliyesoma angejuaje? Majina yote yana herufi za ukubwa mmoja. Nilimkalisha baina yao, nao wakamfunika kwa heshima yao bila kujua.

Uani mbuzi ikaanza tena, polepole.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kituo cha polisi, namba ya RB, nenda rudi. Akaunti ilibadilishwa jina, kisha ikatoweka. Nilimlipa mdogo wangu kidogo kidogo kwa miezi mitano. Fungu la mwisho alilikataa, akasema nimnunulie mtoto viatu. Mtoto mwenyewe ndiye huyu wa droo ya nyaya. Baadaye nikaelewa kwamba wakala wa kupeleka watu kazini nje anatakiwa awe na leseni, na kwamba serikali ilikuwa na wakala wake wa huduma za ajira, TaESA. Kama Ijumaa moja tu ningewataja hao na sababu yake, mdogo wangu angejua pa kuuliza.

Nilikuwa nimewahi kufanya vizuri mara moja, ndilo linaloniuma. Kwenye mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa mjini, niliandika jina moja la kijana wa Magomeni: mfolo huyu leo, yuko karibu na Jangwani, anasema wapi panapitika. Jina moja, kazi yake, na mpaka wake, kwamba ni kwa leo na kwa barabara. Watu walinishukuru wiki nzima. Ijumaa iliyofuata nikarudia shanga zangu.

Baada ya Tandika nilikaa kimya Ijumaa nyingi. Niliporudi nikawa nataja mmoja, tena baada ya kusoma maandiko yake ya nyuma, siyo yale ya wiki ile tu. Muuguzi wa Mbeya: msome kwa habari za chanjo. Mkulima wa vitunguu: gharama zake za shamba ni za kweli, anataja na msimu aliopata hasara. Herufi 140 zilitosha kabisa kwa mtu mmoja na sababu moja. Baadhi ya niliozoea kubadilishana nao majina walinyamaza. Mmoja aliniandikia kwamba siku hizi naringa, na sikupata la kumjibu lisilomuumiza.

Hata hivyo sijui kama nilipata dawa. Yule mkulima, miaka mitatu baadaye, alianza kuuza unga wa kutibu kisukari. Nilikuwa nimempendekeza kwa vitunguu, na watu walimfuata kwa vitunguu, wakabaki hapo akiwauzia unga. Niliandika kwamba kwa hili simo. Wangapi waliona? Dhamana ya mahakamani ina mwisho wake, kesi ikiisha nayo imekwisha. Hii niliyoitoa mimi haikuandikwa mwisho.

Nilimsimulia binti yangu yote haya, nikimficha tu kiasi cha fedha, kwa ajili ya shangazi yake. Akasikiliza. Akasema kwenye TikTok hahitaji kutajiwa mtu, inamletea yenyewe.

"Na ikikuletea mbaya unamuuliza nani?"

Akafikiri. Akabonyeza bonyeza vitufe vya Nokia, ambayo chaji ilikuwa inaelekea kwisha.

"Haya, wewe nitajie mmoja."

Nilikuwa naye mmoja kichwani, dada anayefundisha hisabati kwa Kiswahili. Lakini nilikuwa sijamsoma tangu mwezi wa pili. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.