Kesi ya shamba la mama na simu yangu

Mama alishindwa kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Tulikuwa na siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na mimi nina simu na bando tu. Usiku nikasoma nakala ya hukumu. Mwenyekiti ameandika kwamba amezingatia maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa naye kusikiliza kesi. Maoni gani? Sikukosa hata siku moja, na hakuna mzee aliyesoma wala kusomewa maoni yake mbele yetu.

Nikaingia TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure. Nikaandika "wazee wa baraza". Vikaja vichache, visivyonihusu. Siku mbili zilipita ndipo nikang'amua: hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na huko wazee wetu ni "assessors". Kuliandika hilo, likaja furiko, tena kesi za mauaji tele, maana Mahakama Kuu nayo ilikuwa ikikaa na wazee. Nikaongeza jina la baraza kwa Kiingereza, nikalifunga kwenye alama za kunukuu ili lisakwe zima, kisha nikabakiza hukumu za Mahakama ya Rufani tu, zile zenye TZCA kwenye namba. Hizo zinazifunga mahakama zote za chini.

Hapo nikakutana na Rufaa ya Madai Na. 287 ya mwaka 2017, dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Sikuisoma kuanzia juu. Nilishuka mwisho kwenye amri, nikaona mwenendo, yaani yote yaliyofanyika barazani kwenye kesi ile, umefutwa, ndipo nikapanda kutafuta sababu. Maoni ya wazee yatolewe kwa maandishi, yasomwe wahusika wakiwapo. Nikaitafuta namba hiyohiyo upya, nione kama majaji waliofuata wameikubali. Wameirudia mara nyingi.

Nikampelekea wakili. Akacheka. "Hii naijua, mdogo wangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwenu maoni hayakusomwa." Kumbe jambo lenyewe nilikuwa nalo tangu mwanzo, nikadhani halina uzito.

Mahakama Kuu ilifuta mwenendo wote, ikaamuru kesi isikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine.

"Kwa hiyo shamba ni letu?" mama akauliza.

"Bado, mama. Tunaanza upya."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule babu tuliyepakana naye, aliyetutolea ushahidi, bado anaweza kupanda gari mpaka mjini.