Bi Chokaa: kumjenga fisi bosi wa genge ambaye wachezaji watamwogopa

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, wachezaji waliokulia kwenye hadithi za sungura na fisi huja na fisi mmoja tu kichwani: mlafi, mjinga, anayetoka kapa kila mara. Kwa mwendeshaji wa mchezo, yaani anayesimulia na kuwachezea maadui, hiyo ni mali. Bosi wa wahalifu anayedharauliwa hupata vikao viwili vitatu vya kufanya kazi zake bila kuguswa. Ukimjenga bosi wako, huyu wangu anaitwa Bi Chokaa, kwa tabia za fisi madoa wa porini, ukaachana na yule wa hadithi, hutahitaji kumpa uchawi wala jeshi. Maumbile yake yanatosha.

Namba nitakazotaja ni za Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za 2014, kwa wahusika 4 wa daraja la 4 (kiwango cha uzoefu wao). Ukicheza mfumo mwingine, chukua mantiki na ubadilishe hesabu.

Anza na biashara yake, meno yatafuata. Bosi wa genge ni yule anayeshikilia kitu ambacho mji hauwezi kukikosa. Harar, mji wa kale wa Ethiopia uliozungushiwa ukuta, una matundu ya chini ukutani ambamo fisi hupita usiku kuingia kula mabaki, na wenyeji wamezoea kuishi nao. Chukua ukuta kama huo, uuweke kwenye mji wako wa bandari, kisha umpe Bi Chokaa mkataba wa kuzoa taka: machinjio, soko la samaki, mitaro, nyumba za wakubwa. Kila kinachotupwa kinapita mikononi mwake. Barua iliyochanwa, shuka yenye damu, chupa ya sumu iliyokwisha. Ana mapato ya aina tatu: ada ya kuzoa, pesa za kunyamaza, na huduma ya kupoteza maiti.

Hiyo ya tatu ndiyo uti wa mgongo wa mhusika huyu. Fisi madoa huvunja mifupa mikubwa kwa taya na kuimeng'enya. Nywele na kwato huzitapika. Maiti haipatikani, kesi haisimami. Kinachobaki ni kinyesi, ambacho kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya madini ya mifupa. Mjini watu wanaamini Bi Chokaa amepewa jina kwa sababu ya tanuri la chokaa analomiliki. Waache wachezaji waamini hivyo. Nyuma ya tanuri weka lundo jeupe: anayefikisha 12 kwenye jaribio la Maumbile (dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya ujuzi wake) anatambua kwamba lile si chokaa, na anayelichambua akafikisha 15 kwenye Uchunguzi anakuta jino la dhahabu la mfanyabiashara aliyetoweka. Usitegemee dalili hiyo peke yake, maana wachezaji wataipita. Kwa kila jambo unalotaka walijue, weka dalili tatu mahali patatu tofauti.

Genge lake lipange kama fisi wanavyojipanga. Majike ndio wanaotawala. Cheo hurithiwa kwa mama, na binti mdogo humzidi cheo dada yake mkubwa. Madume wakikomaa huhama kundi walilozaliwa, na huko waendako huanzia chini kabisa. Haya yamethibitishwa na utafiti wa miaka mingi, ukiwemo ule wa Maasai Mara ulioanza 1988 chini ya mwanabiolojia Kay Holekamp. Kwa hiyo msaidizi mkuu wa Bi Chokaa si jambazi mwenye makovu. Ni Kidawa, binti yake wa mwisho, bado mtoto, na wauaji wazima humpisha njia. Dada zake wawili wanasimamia machinjio na madeni, na wote wawili wamekasirika. Chini kabisa yuko Sudi, dume mgeni anayekula wa mwisho. Huyo ndiye atakayekubali kuzungumza na wahusika. Watu hao watano wanatosha. Ukiongeza wa sita, wachezaji wataanza kuchanganya nani ni nani.

Daftari la siri za mji lifiche kwenye shimo la watoto. Mapango ya fisi huwa na njia nyembamba ambazo watoto hupita na wakubwa hawapiti, kwa hiyo ni mhusika mwenye umbo dogo pekee atakayeingia, na ataingia bila wenzake.

Sasa sauti. Kile kinachoitwa kicheko cha fisi hutoka kwa mnyama aliyebanwa: anaogopa, ananyenyekea, ananyang'anywa chakula. Fanya hiyo iwe sheria ya meza yako na usiivunje kamwe: anayecheka ni mnyonge, na Bi Chokaa hacheki. Kabla hajaingia chumbani, vijana wake wanaanza kucheka wote. Baada ya vikao viwili, wachezaji wakisikia kicheko nje ya mlango watanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Athari hii ni kubwa kuliko maelezo yoyote ya sura yake.

Mkutano wa kwanza uwe kwenye chakula. Msemeshe kwa sauti ya chini, maneno machache, kwa adabu ya mama wa mjini: "Karibuni, wanangu. Mmekula?" Kisha nyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni, uwaache wao wajaze ukimya. Ukitaka mlio wa mfupa, vunja karoti mbichi chini ya meza. Asijigambe wala asieleze mpango wake. Amtaje mtu mmoja tu ambaye wahusika wanampenda, aulize hali yake, basi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu wachezaji huchomoa panga papo hapo. Kumlinda kwa ukuta usioonekana au kwa walinzi 20 kutawaudhi, na watakuwa na haki. Afadhali mkutano uwe mahali ambapo kupigana kuna gharama inayoonekana: harusini kwa diwani, au sokoni saa nne asubuhi, askari wakiwa hatua kumi kutoka hapo. Wakishambulia hata hivyo, waache, na gharama wailipe.

Kosa la pili ni vitisho visivyotekelezwa. Chora duara lenye vipande 6 mahali wachezaji wanapoliona. Kila wanapomwingilia biashara, jaza kipande kimoja. Wakifanya fujo hadharani, viwili. Likijaa, yule mtu aliyemtaja kwenye chakula anadhurika kweli, hata kama jambo hilo linakuumiza wewe uliyempenda mhusika yule. Bosi akitishia mara mbili bila kutenda, hofu haitarudi.

Kwenye kufukuzana, mwendo wake uwe futi 30 kwa zamu, sawa na wahusika wengi. Fisi huwinda kwa kukimbiza mbali mpaka windo lichoke. Kanuni za kufukuzana humpa kila mmoja mikimbio (zamu za kwenda mwendo maradufu) 3 pamoja na nyongeza yake ya Ustahimilivu. Baada ya hapo kila mkimbio hudai jaribio la kufikisha 10, na anayeshindwa anachoka. Bi Chokaa hafanyi jaribio hilo. Waambie wachezaji waziwazi, ili wajue tangu mwanzo kwamba kukimbia peke yake hakutawaokoa.

Kwa pambano lenyewe, anzia kwa kapteni wa majambazi wa kanuni za 2014: kinga 15 (namba ambayo shambulio lazima lifikie ili limpate), uhai 65 (madhara anayoweza kubeba kabla ya kuanguka). Kundi la daraja la 4 hutoa madhara ya takriban 30 hadi 40 kwa raundi, kwa hiyo 65 huisha raundi ya pili au mwanzoni mwa ya tatu. Mpandishe hadi 110. Kung'ata: +6 kwenye dadu ya kulenga, madhara ni dadu 2 za pande 8 na nyongeza 4, wastani 13. Fimbo: +6, dadu 1 ya pande 6 na nyongeza 4, wastani 7. Mara moja kila shambulio kwa zamu. Ukimruhusu kung'ata mara mbili, wastani ni 26, na mchawi wa daraja la 4 mwenye uhai 26 analala kabla hajapata zamu.

Mpe pia vitendo 2 vya ziada kila raundi, mwishoni mwa zamu za wengine, la sivyo zamu nne dhidi ya moja zitammaliza. Achague kati ya kumwamuru fisi mmoja ang'ate, kusogea futi 15 bila kupigwa anapoondoka, au kutafuna ngao isiyo ya uchawi ili ipungukiwe kinga kwa 1. Weka fisi wa kawaida 4, uhai 5 kila mmoja, wote wacheze kwa zamu moja. Wakizidi hapo meza inalala.

Akifika uhai 40, anaelekea kwenye tundu la ukuta. Tundu hilo wachezaji wawe wameshaliona kabla. Wakiwa wameliziba, ameshikwa, usimchimbie jingine.

Akifa, usiku huohuo cheo kinahamia kwa Kidawa, na dada zake wanainamisha vichwa. Chora duara jipya, ukianza na vipande 2 vilivyojazwa, kwa sababu harufu ya wahusika anaijua tangu siku walipokula kwa mama yake.