Pangaboi Liliposimama

Jana usiku umeme ulikatika tukiwa mezani. Pangaboi la darini likalegea, likazunguka mara mbili tatu, likatulia. Binti yangu akawasha tochi ya simu, akanimulika. "Mama, mbona umeing'ang'ania meza hivyo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi juu ya Ziwa Eyasi.

Kilikuwa kiangazi. Tulikuwa tunatoka kliniki ya mkoba, sanduku la chanjo limebaki nusu, na tumempakia mama mmoja wa Kidatoga na mwanawe mwenye malaria kali. Ndege ni Cessna 206, viti 6, injini moja. Rubani mbele, sisi nyuma yake, dripu nimeishika juu kwa mkono.

Kikapiga kishindo kimoja. Oili ikaanza kupanda kwenye kioo cha mbele, michirizi myeusi inayokimbilia juu, na nyuma ya michirizi hiyo pangaboi likasimama wima. Tangu turuke lilikuwa kama ukungu tu. Sasa nikaliona bapa zima, ncha yake ya njano, na ukingo uliotafunwa na changarawe za viwanja vya vijijini. Upepo ukapiga mluzi mlangoni. Na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, nikazisikia pumzi za mtoto. Fupi fupi, za haraka. Nikaanza kuzihesabu, kama tulivyofundishwa. Moja, mbili, tatu. Ardhi inapanda, mimi nahesabu.

Rubani aliita "Mayday" mara tatu, akainamisha pua ya ndege. Injini ikifa ndege haidondoki kama jiwe, huteleza, ila lazima kasi ilindwe. Yeye aliishikilia kwenye kilomita 140 hivi kwa saa, akichungulia dirisha la pembeni kwa kuwa mbele hakuoni tena. "Sista, tukisimama usiguse mlango mpaka nipandishe flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Zikiwa chini zinauzuia." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuuliza kama tumefunga mikanda.

Upande ule ziwa lilikuwa limekauka, jeupe kwa chumvi. Tukagusa, tukaruka kidogo, tukagusa tena, magurudumu yakachimba, tukasimama. Flapu zikapanda. Nikausukuma mlango.

Gari lilitufikia jioni. Mtoto alilazwa usiku ule, akapona.

Lakini mama yake hakuwahi kupanda ndege kabla ya siku ile. Vumbi lilipotulia alijitanda shuka vizuri, akaniuliza, "Tumefika?"

"Tumefika, mama," nikamjibu.

Kuna siku naona nilimtua mzigo asiohitaji kuubeba. Kuna siku naona nilimnyima haki yake ya kuogopa, hata ya kushukuru. Alishuka na mwanawe begani, akakinga macho kwa kiganja, akageuka huku na huku katika weupe ule, akiitafuta hospitali.